Kusajili Kampuni Kongo: Mwenye Jina Daftarini Ndiye Mwenye Mali

Chukulia mfanyabiashara wa Kibokoni anayeuza vyombo vya jikoni kwa jumla. Kwa miaka kadhaa mteja wake mkubwa ametoka Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Biashara imekwenda vizuri. Mteja analipa, mzigo unatoka bandarini, unapakiwa kwenye lori, unavuka Malaba, unapita Kampala na kuingia Kongo kwenye mpaka wa Mpondwe na Kasindi. Siku moja mteja anatoa wazo. Kwa nini wasifungue ghala la jumla huko huko? "Mzee, usijisumbue na karatasi," anasema. "Mimi ni mwenyeji. Kampuni nitaandikisha kwa jina langu, wewe leta mali, faida tugawane nusu kwa nusu."

Mfano huu ni wa kubuni, lakini pendekezo lenyewe si geni kwa watu wa biashara za kuvuka mpaka. Linavutia kwa sababu linaokoa muda, nauli ya ndege na ada za mawakili. Shida yake ni kwamba sheria inayotumika Kongo haiangalii aliyetoa mtaji. Inaangalia aliyeandikwa kwenye daftari la biashara. Ikiwa jina lililoandikwa ni la mteja peke yake, basi ghala, akaunti ya benki na mali iliyoingia kwa jina la kampuni hiyo ni vya mteja, na wa Kibokoni amebaki na makubaliano ya mdomo. Mteja akifariki, warithi wake watakuta kampuni ya marehemu, na huenda hawajapata kusikia habari za Mombasa.

Makala haya yanaeleza njia ya kuandikisha kampuni Kongo kwa jina la mwenyewe, karatasi zinazotafutwa hapa Mombasa kabla ya safari, na mahali ambapo watu hukwama.

Kwa nini Kongo, na kwa nini sasa

Bandari ya Mombasa ni mlango wa mizigo ya nchi nyingi zisizokuwa na pwani karibu, na mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa wateja wake wakubwa. Uhusiano huo ni wa muda mrefu. Mkataba wa Ukanda wa Kaskazini ulitiwa saini mwaka 1985 na Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, ikajiunga baadaye, na makao makuu ya mamlaka inayousimamia yako hapa hapa Mombasa. Kongo yenyewe ina pwani ndogo upande wa Atlantiki, lakini kutoka huko hadi Butembo au Beni ni mwendo wa kuvuka nchi nzima, na barabara haziunganiki vizuri. Kwa mtu wa Butembo, Mombasa iko karibu zaidi kuliko Matadi.

Tarehe 8 Aprili 2022 Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwezi wa Julai mwaka huo ikakamilisha taratibu za uanachama. Tangu hapo baadhi ya watu wamedhani kwamba kampuni iliyosajiliwa Kenya inaweza kufanya kazi Kongo bila hatua nyingine. Hilo si kweli. Uanachama wa Jumuiya haujafuta sheria za usajili za nchi yoyote. Kampuni ya Kenya haigeuki ya Uganda kwa kuvuka Malaba, na haigeuki ya Kongo kwa kuvuka Kasindi.

Mabenki ya Kenya yaliona mapema. Equity ilinunua benki mbili za Kongo na mwaka 2020 ikaziunganisha kuwa EquityBCDC. KCB nayo ilinunua sehemu kubwa ya Trust Merchant Bank, yenye makao yake Lubumbashi, mwaka 2022. Kwa mfanyabiashara wa Mombasa jambo hili lina faida ya kawaida kabisa: anaweza kuuliza maswali ya kwanza kuhusu akaunti ya kampuni ya Kongo kwenye benki anayoijua, kwa lugha anayoijua, kabla ya kupanda ndege.

Lugha nayo inasaidia, kwa kiasi. Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa zilizotajwa katika katiba ya Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kitshiluba. Sokoni Butembo au Lubumbashi mtu wa Mombasa ataelewana na watu, hata kama pesa huko ni falanga na matamshi ni mengine. Ofisini mambo hubadilika. Lugha rasmi ni Kifaransa, na kila karatasi ya kampuni itaandikwa kwa Kifaransa. Watu wawili wanaweza kuafikiana kwa Kiswahili kitamu kabisa, halafu mmoja wao akatia saini waraka wa Kifaransa unaosema jambo jingine.

Sheria moja, nchi 17

Kenya ilirithi sheria ya kampuni ya Kiingereza. Kongo inafuata mfumo mwingine uitwao OHADA, muungano wa sheria za biashara ulioanzishwa kwa mkataba uliosainiwa Port Louis, Mauritius, tarehe 17 Oktoba 1993. Kongo iliingia rasmi mwezi wa Septemba 2012. Leo nchi wanachama ni 17, na nyingi za Afrika ya Kati zimo: Kamerun, Gabon, Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Guinea ya Ikweta, Kongo ya Brazzaville na Kongo ya Kinshasa. Maana yake ni kwamba anayejifunza sheria hii kwa ajili ya Butembo amejifunza sehemu kubwa ya sheria ya Douala na Libreville pia. Tofauti zipo kwenye kodi, vibali na viwango vya mtaji, lakini muundo wa kampuni ni ule ule.

Daftari linaloamua kila kitu ni Daftari la Biashara na Dhamana, linalojulikana kwa herufi RCCM. Kila kampuni na kila mfanyabiashara aliyeandikishwa ana nambari yake. Nambari za Kongo huanza na CD, kisha kifupisho cha mji, neno RCCM, mwaka wa usajili, halafu herufi A kwa mtu binafsi au B kwa kampuni. Hili ni jambo dogo lenye manufaa hata kwa muuzaji asiyetaka kufungua chochote Kongo. Mteja akijitambulisha kuwa ni kampuni, na nambari yake ina herufi A, basi anayedaiwa ni yeye mwenyewe kama mtu na hakuna kampuni nyuma yake. Na mteja asiye na nambari kabisa asipewe mali kwa mkopo.

Je, kuna haja ya kampuni?

Si kila anayefanya biashara na Kongo anahitaji kampuni ya Kongo. Muuzaji anayekabidhi mzigo Mombasa na kulipwa Mombasa hana sababu. Leseni yake ya biashara ya kaunti, usajili wake wa Kenya na kitambulisho chake cha KRA vinatosha, na mteja ndiye anayebeba mzigo wa mpakani. Wengi wa wale wanaouliza habari za usajili wangekuwa na amani zaidi wakibaki hapo.

Haja inaanza mali inapobaki Kongo kabla ya kuuzwa: kunapokuwa na ghala, wafanyakazi, ankara zinazotolewa kwa wateja wa huko na pesa zinazokaa benki ya huko.

Kwa mtu kama huyo kuna njia tatu. Ya kwanza ni ofisi ya uwakilishi, ambayo hairuhusiwi kuuza. Inatafuta wateja na kupeleka habari tu. Ya pili ni tawi la kampuni ya Kenya. Tawi linaweza kuuza, lakini si kampuni inayojitegemea, kwa hiyo deni la tawi ni deni la kampuni mama, na mdai wa Kongo anaweza kuifuata hadi Mombasa. Isitoshe, sheria ya OHADA inataka tawi la kampuni ya nje ligeuzwe kuwa kampuni ya nchini ndani ya miaka 2, isipokuwa waziri ametoa ruhusa maalumu. Watu wengi hufungua tawi kwa kuwa linaonekana rahisi, na baada ya miaka 2 wanajikuta wanaanza upya.

Njia ya tatu ndiyo inayowafaa wengi: kampuni ya hisa zenye dhima ya kikomo, ambayo kwa Kifaransa hufupishwa SARL. Inakaribiana na kampuni ya kibinafsi ya Kenya. Mwenye hisa hupoteza alichoweka tu, nyumba yake haiguswi kwa deni la kampuni ila akiwa ameiwekea dhamana mwenyewe. Tena SARL inaweza kuwa na mwenyewe mmoja. Hapa ndipo hoja ya "mimi ni mwenyeji" inapoanza kuyeyuka, kwa sababu kwa biashara ya jumla na uagizaji sheria haimlazimishi mgeni kuwa na mshirika Mkongo. Kuhusu mtaji, OHADA iliweka kima cha faranga milioni 1 za CFA lakini ikaruhusu kila nchi kupunguza, na Kongo imewaachia wenye kampuni waamue wenyewe. Nusu ya fedha walizoahidi lazima ilipwe mwanzoni, iliyobaki ndani ya miaka 2.

Hesabu ya hisa

Mshirika wa mahali si mtu mbaya kwa sababu tu ni mshirika. Anajua wateja, anajua ni nani wa kuulizwa, na mara nyingi ndiye aliyeijenga biashara. Swali ni anaandikwa vipi. Katika SARL namba tatu ni muhimu kuliko mambo mengine yote.

Meneja wa kampuni, ambaye ndiye anayetia saini benki na forodhani, anaweza kuondolewa na wenye hisa wenye zaidi ya nusu ya hisa. Katiba ya kampuni haiwezi kubadilishwa bila kura za robo tatu ya mtaji. Na hisa haziwezi kuuzwa kwa mtu wa nje bila idhini ya wenzake walio wengi, wenye robo tatu ya hisa zisizouzwa, ila kama katiba imesema vingine.

Tazama basi ile "nusu kwa nusu." Kila mmoja ana asilimia 50. Hakuna mwenye zaidi ya nusu. Meneja aliyeteuliwa siku ya kwanza, na kwa kawaida ni yule aliyeko Kongo, hawezi kuondolewa kwa kura ya mwenzake peke yake. Ataendelea kutia saini hata kama wameacha kusalimiana, na wa Mombasa itambidi aende mahakamani kuomba aondolewe. Kwa mwenye asilimia 51 hali ni tofauti kabisa: anaweza kumwondoa meneja, ingawa akimwondoa bila sababu ya haki anaweza kudaiwa fidia. Mwenye asilimia 75 anaweza pia kubadilisha katiba. Na mshirika mdogo naye ana kinga yake, maana akiwa na zaidi ya asilimia 25 hakuna atakayebadilisha katiba bila yeye. Faida inaweza kugawanywa nusu kwa nusu kwa makubaliano ya maandishi hata kama hisa si sawa, kwa hiyo hakuna aibu kumwambia mwenzako kwamba hisa zitakuwa 51 kwa 49.

Wale ambao tayari wameingia katika mpango wa jina la mtu wanapaswa kujua jambo jingine, na hili huwashtua wengi. Sheria ya OHADA inatambua kitu kinachoitwa kampuni iliyozaliwa kwa vitendo. Watu wawili wakiweka mali pamoja, wakigawana faida na hasara na kujiendesha kama washirika bila kuandikisha, mahakama inaweza kuwahesabu kuwa washirika. Wakihesabiwa hivyo, kila mmoja anabeba madeni yote, hadi mali zake binafsi. Mshirika wa siri anaweza hivyo kukosa haki ya kusema "ghala ni langu" na bado akabebeshwa deni la ghala.

Karatasi za kutafutwa Mombasa

Kazi kubwa inafanyika kabla ya safari. Anayeandikisha kwa jina lake atahitaji pasipoti yenye muda wa kutosha na cheti cha tabia njema cha polisi. Cheti hicho huombwa kupitia eCitizen, kisha mwombaji hupigwa alama za vidole. Wakaazi wa Kisiwani wanaweza kuanzia Kituo cha Huduma Mombasa. Kongo inakubali meneja atie saini tamko la kiapo kwamba hajazuiwa kufanya biashara, halafu alete cheti chenyewe ndani ya siku 75. Lakini kukimbizana na siku 75 ukiwa Kinshasa na cheti kikiwa Nairobi ni shida ya kujitakia. Afadhali kiwe mkononi.

Ikiwa mwenye hisa atakuwa kampuni ya Kenya, ongeza cheti cha usajili, katiba ya kampuni, fomu ya CR12 ya hivi karibuni inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, na azimio la wakurugenzi linalosema kampuni imeamua kuwekeza Kongo na nani atatia saini kwa niaba yake. CR12 ya miaka mitatu nyuma itarudishwa.

Kisha nyaraka zithibitishwe. Kenya na Kongo hazimo katika Mkataba wa Apostili wa Hague, ambao kwa nchi nyingine humaliza kazi kwa muhuri mmoja. Kwa hiyo waraka wa Kenya hupita mikono kadhaa: wakili mwenye mamlaka ya uthibitishaji, Wizara ya Mambo ya Nje, na mwisho ubalozi wa Kongo ulioko Nairobi. Tafsiri ya Kifaransa ifanywe na mtafsiri anayekubalika, na iingizwe katika mlolongo huo huo. Anayepeleka tafsiri peke yake bila mihuri, au mihuri bila tafsiri, hurudi tena.

Serikali ya kaunti haina sehemu katika mlolongo huu. Katiba ya Kenya imezipa kaunti kazi ya kukuza biashara na kutoa leseni ndani ya mipaka yao, wala leseni ya Kaunti ya Mombasa haitambuliwi ng'ambo kama usajili wa kampuni. Mtu yeyote anayedai kuwa anauza "kibali cha kaunti cha kuwekeza Kongo" anauza kitu kisichokuwepo.

Dirisha Moja

Zamani kuandikisha kampuni Kongo kulikuwa kuzunguka ofisi baada ya ofisi. Mwaka 2012 serikali ilianzisha Dirisha Moja la Kuunda Makampuni, ambalo kwa Kifaransa ni Guichet Unique de Création d'Entreprise, maarufu kwa jina la GUCE. Makao yake ni Kinshasa na liko chini ya Wizara ya Sheria. Hapo mwombaji anapeleka faili moja: katiba ya kampuni, vitambulisho, uthibitisho wa mtaji, anwani ya ofisi na uteuzi wa meneja. Faili ikiwa kamili, usajili wenyewe ni suala la siku chache za kazi.

Anachopaswa kutoka nacho ni zaidi ya cheti kimoja. Awe na nambari ya RCCM, nambari ya utambulisho wa kitaifa inayotolewa na wizara ya uchumi, na nambari ya kodi. Kampuni yenye wafanyakazi inaandikishwa pia kwenye hifadhi ya jamii, taasisi ya mafunzo ya kazi na ofisi ya ajira. Mtu akipewa nambari ya RCCM peke yake na kuambiwa "mengine yatakuja," kampuni yake bado haijaweza kufanya kazi. Anayetaka kuagiza bidhaa kutoka nje anahitaji pia nambari ya mwagizaji kutoka wizara ya biashara ya nje.

Anwani ya ofisi huchelewesha wengi. Inatakiwa ya kweli, na mkataba wa kupanga. Hapa kuna habari njema kwa mpangaji: chini ya OHADA, aliyepanga nyumba kwa biashara na kuitumia kwa miaka 2 kwa mujibu wa mkataba ana haki ya kudai mkataba ufanywe upya, na mwenye nyumba akikataa bila sababu ya kisheria anadaiwa fidia. Wapangaji wa Mji wa Kale wanaoishi kwa wasiwasi wa notisi wataona tofauti.

Usajili wa kampuni haumpi mtu ruhusa ya kuishi na kufanya kazi Kongo. Meneja mgeni anahitaji viza ya ukaazi na kadi ya kazi, na hizo zina ofisi zake.

Kwa uwekezaji mkubwa kuna wakala wa serikali uitwao ANAPI, unaosimamia Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2002. Mradi ulioidhinishwa chini ya sheria hiyo unaweza kusamehewa baadhi ya kodi na ushuru kwa miaka 3, 4 au 5, kutegemea eneo. Kinshasa inapata michache, mikoa ya mbali inapata mingi. Kima cha chini ni dola 200,000 za Marekani, na kwa biashara ndogo na za kati ni kuanzia dola 10,000. Maombi yapelekwe kabla ya kuanza. Mradi uliokwisha kujengwa hauna cha kuombea msamaha.

Mgeni asichoruhusiwa

Tarehe 5 Januari 1973 Zaire ilitunga sheria ya biashara iliyowahifadhia raia sehemu ya biashara za nchi. Mwezi wa Novemba mwaka ule Rais Mobutu alikwenda mbali zaidi na kutangaza kutwaliwa kwa maduka na mashamba ya wageni, na wafanyabiashara Wagiriki, Wareno na Waasia walipoteza kila kitu kwa muda mfupi. Utwaaji ule ulivuruga uchumi na baadaye ulirudishwa nyuma kwa sehemu. Lakini kanuni ya kwamba biashara ndogo ni ya wenyeji ilibaki. Kibanda cha sokoni, duka dogo la rejareja na kutembeza bidhaa mitaani ni kazi za raia. Kwa hiyo malengo ya kampuni yakiandikwa "biashara ya jumla, uagizaji na usambazaji," mgeni yuko mahali pake. Akijikuta anauza sufuria mojamoja dirishani, yuko pabaya.

Vizuizi vingine ni vya karibuni. Sheria ya mwaka 2017 inasema kazi za mkandarasi mdogo, kwa mfano kusafirisha au kulisha wafanyakazi wa mgodi, ni za kampuni ambazo mtaji wake ulio mwingi ni wa Wakongo. Sheria ya kilimo ya mwaka 2011 inaweka sharti kama hilo kwa ardhi ya kilimo. Ardhi yote ni ya dola, na mgeni hupewa haki ya kuitumia kwa miaka 25 inayoweza kuongezwa. Katika sekta hizi mshirika wa Kikongo ni wa lazima, na zile hesabu za 51 na 75 zinageuka upande wa pili. Mtu wa Mombasa akiwa na asilimia 49 ahakikishe katiba inasema ni maamuzi gani hayawezi kupita bila yeye.

Bandarini na mpakani

Kampuni ikishasajiliwa, mzigo uandikwe kwa jina lake kuanzia hati ya meli. Wengi hujikwaa hapa: kampuni ipo, lakini kontena linaendelea kuja kwa jina la mteja wa zamani kwa sababu "ndivyo tulivyozoea." Forodha ya Kongo, DGDA, itamtambua aliyeandikwa. Mzigo wa kwenda Kongo unahitaji pia hati ya kielektroniki ya uagizaji iitwayo FERI, inayotolewa na shirika la OGEFREM, na bidhaa hukaguliwa na OCC. Ajenti wa forodha anayefanya kazi za Kongo anazijua hati hizi. Asiyezijua atafutwe mwingine. Ushuru wa thamani ya ziada Kongo ni asilimia 16, sawa na VAT ya Kenya, ila anayelipa Kenya hajalipia Kongo.

Hali ya mashariki

Mwezi wa Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na waasi wa M23, na Februari wakaingia Bukavu. Mji wa mpakani wa Bunagana ulikuwa mikononi mwao tangu Juni 2022. Goma ilipotekwa, mabenki yalifunga milango. Kampuni yenye anwani na akaunti Goma pekee ilijikuta haina pa kuweka wala kutoa pesa, na iko kati ya tawala mbili zinazodai kodi.

Kwa mwenye wateja Butembo, Beni au Bunia, ambako mizigo hupitia Kasindi na njia nyingine za kaskazini, hatari ni ya namna nyingine lakini ipo. Ushauri unaotolewa na watu wa biashara hiyo ni kusajili Kinshasa au Lubumbashi, kuweka akaunti kuu huko, na kuifanya ghala ya mashariki kuwa kituo cha mauzo chenye mali ya kutosha wiki chache tu. Bima nayo isomwe neno kwa neno, maana mikataba mingi ya bima huondoa hasara za vita.

Wakigombana

Hukumu ya mahakama ya Mombasa haitekelezwi Kongo kwa kuipeleka tu. Lakini nchi zote mbili ni wanachama wa Mkataba wa New York wa mwaka 1958 kuhusu usuluhishi, Kenya tangu 1989 na Kongo tangu 2014. Uamuzi wa wasuluhishi uliotolewa Nairobi unaweza basi kupelekwa Kinshasa na kutambuliwa. Ili njia hiyo iwe wazi lazima kifungu cha usuluhishi kiwemo katika mkataba wa washirika tangu mwanzo, kikitaja mji, lugha na idadi ya wasuluhishi. Lugha iandikwe wazi. Kikikosa kutajwa, wa Mombasa anaweza kujikuta anajibu mashtaka kwa Kifaransa.

Baada ya hapo kuna kazi za kila mwaka. Mwaka wa hesabu wa kampuni ya OHADA ni Januari hadi Desemba, vitabu vinaandikwa kwa mfumo wa SYSCOHADA, na wenye hisa lazima wakutane kupitisha hesabu ndani ya miezi 6, yaani kabla ya Juni kwisha. Mkutano huo ndio nafasi ambayo mwenye hisa aliyeko Mombasa anaona hesabu zilizosainiwa, na anaweza kumtuma mwakilishi kwa barua ikiwa katiba inaruhusu. Nakala ya hesabu iletwe pia kwa mhasibu wake wa hapa, kwa kuwa KRA inaweza kuuliza habari za mapato ya nje ya mkaazi wa Kenya. Na mara moja kwa mwaka achukue nakala mpya ya daftari la RCCM ya kampuni yake mwenyewe, aangalie kama majina na hisa bado ni yale yale aliyoyaacha.